Mvua ya Ova Ishirini

Jumamosi, baada ya chai, Mwanasiti alipanga ndoo kwenye uwanja wa kriketi wa Jibondo: kubwa mbele, ndogo nyuma, na pipa la bluu karibu kabisa na vijiti vya wiketi. Yeye ndiye nahodha wa timu ya wanawake, kwa hiyo pipa lake hukaa pazuri.

Tangu kisiwa kiingie kwenye mashindano, mvua hunyesha pale katikati tu, penye wiketi. Huanza mpira wa kwanza unaporushwa, hukatika mwamuzi anapovunja mechi. Ukisogea pembeni kidogo, vumbi. Watu wamezoea. Sudi, aliyewahi kutangaza kwamba mwanamke kucheza kriketi ni mkosi, siku hizi ndiye anayefyeka nyasi za uwanja, tena bila kuombwa.

Zamani mechi ilikuwa ya siku mbili. Mwamuzi Mansuri, mtu mwenye subira na mpenzi wa pweza wa nazi, alikaa kibandani akingoja mvua ipungue mpaka jua la siku ya pili likazama. Hakuna timu iliyopata hata alama moja, na hakuna aliyelalamika. Watu walifua mpaka mapazia.

Kisha kamati ya mashindano, huko bara, ikakaa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi ikagundua kwamba kriketi ni ndefu mno. Ikaunda ligi fupi ya kanda, ova ishirini kila upande, yaani mipira mia na ishirini tu. Mvua ikinyesha, mwamuzi angoje robo saa, avunje mechi, kila timu ipewe pointi moja. Ilielezwa kwamba hayo yataongeza msisimko. Jibondo haikuulizwa, labda ingesisimka mapema.

Jumamosi hiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya mfumo mpya, na Nasma, binti yake Mwanasiti, alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Kwenye zahanati, mzazi huenda na kanga zake, glovu zake na pipa lake la maji. Kanga na glovu zilikwishafika.

Mjumbe wa kamati alikuja kushuhudia msisimko. Aliitwa Hamdu, kijana mwenye fulana ya nembo na chupa ya maji ya dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ligi yenu fupi, mwanangu. Pipa langu refu."

"Dunia nzima inaelekea huko, mama. Watazamaji hawana muda."

"Muda tunao tele. Hatuna maji."

"Sasa maji, mama, si suala la kamati yetu."

"Najua. Kila kamati huniambia hivyo hivyo. Mlisoma chuo kimoja?"

Fahima, mrushaji wa Jibondo, akakimbia, akarusha. Mvua ikashuka, nzito, wima. Wapinzani kutoka Kilindoni, watu waungwana, wakasaidia kubadilisha ndoo. Mwanasiti akampelekea Mansuri sahani ya pweza, imefurika.

"Kula taratibu, kaka. Ana mifupa."

"Pweza ana mifupa?"

"Wa leo anayo."

Mansuri alitafuna kadiri alivyoweza. Lakini Hamdu alisimama nyuma yake na simu mkononi, na robo saa ilipotimia akamgusa bega. Mansuri akainuka, mdomo umejaa, akavunja mechi. Mvua ikakatika. Pipa lilikuwa halijafika nusu.

"Hongereni," alisema Hamdu, akawapiga picha.

Nasma alijifungua adhuhuri, mtoto wa kike, mzima. Muuguzi Shamsa aliyagawa maji kwa mpango: mikono yake kwanza, kisha mtoto, kisha vifaa. Ya mama hayakubaki.

Jioni redio ilitangaza kwamba mfumo mpya umefana. Jibondo, timu ambayo haijawahi kufungwa, ilipongezwa kwa jina. Kwa mafanikio hayo, msimu ujao ova zitapunguzwa ziwe kumi.

Nasma, damu imemkaukia miguuni, aliuliza ataogeshwa lini.

Shamsa akatazama ratiba ya ligi, iliyobandikwa ukutani juu ya mizani ya watoto.

"Vumilia, mwanangu. Jumamosi ijayo si mbali."

"Jumamosi ijayo tunacheza ugenini," alisema Mwanasiti, akachukua ndoo tupu, akateremka baharini.