Kiboksi cha Mama Mkwe

Fundi redio alikuwa na maneno mengi, hilo habishi mtu. Alipomtengenezea mama mkwe wake kifaa cha kulinda joto kwenye banda la vifaranga, alihubiri siku nzima: sensa inapima joto, chipu inasoma, likishuka chipu inawasha taa ya kuwapasha joto, likipanda inazima. Vyote alivilehemu kwenye bodi moja, ndani ya kiboksi safi kisicho na waya hata mmoja wa kuning'inia. Alitaka mama mkwe aone, maana mama wa watu aliwahi kumwuliza binti yake kama kweli kufungua redio ni kazi.

Alikijaribu mezani dakika kumi, kifuniko kikiwa wazi. Kikasoma sawasawa. Akatosheka, bwana!

Siku ya tatu mvua ikaanza, na baridi yake si mchezo. Mchana mama mkwe akapiga simu.

"Baba, vifaranga wamerundikana kwenye kona, wanalia tu. Na taa haiwaki. Niwawekee jiko?"

"Kioo cha kifaa kinaonyesha joto ngapi, mama?"

"Thelathini na nne."

"Basi joto linatosha, ndiyo maana imejizima. Usiweke jiko, utawachoma bure. Kifaa hicho hakikosei."

"Haya, baba. Wewe ndiye unayejua."

Asubuhi yake fundi alikuta vifaranga mia mbili wamekufa, wamelaliana kwenye kona ile ile. Mama mkwe alikuwa anawatia kwenye gunia. Ndio aliowategemea kwa pato la mwaka mzima.

"Nisamehe, baba," akasema. "Juzi nilikipangusa kifaa chako kwa kitambaa kibichi. Lazima nimekiharibu."

Fundi akafungua kiboksi. Kipande cha kupunguza umeme, ambacho hupata moto kikifanya kazi, kilimuunguza kidole, na sensa ilikuwa imelala ubavuni pake. Kumbe muda wote ilikuwa inapima joto la ndani ya kiboksi, si la banda. Hata mwanafunzi anajua sensa hutolewa nje kwa waya. Naye alijua! Ila waya ungeharibu sura ya kiboksi.

Akafungua mdomo aseme, jirani akaingia na mwavuli wake.

"Ni mimi, shoga," mama mkwe akamwambia. "Nimelowesha mtambo wa mkwe wangu."

"Pole, fundi," jirani akasema. "Kazi yako yote hiyo!"

"Asante," fundi akajibu.

Akapokea pole, jamani! Ilipomtoka ile asante, uso ukamwaka moto hadi masikioni. Jirani alipoondoka, alitamani ardhi ipasuke immeze mzima mzima.

"Mama," akasema, akitazama chini, "hukuharibu kitu. Sensa niliiweka pabaya, ikawa inadanganya. Banda lilikuwa la baridi, na mimi nikakukataza jiko."

Mama mkwe akasimama, gunia mkononi.

"Kwa hiyo walikuwa wanasikia baridi kweli?"

"Kweli, mama."

Mama mkwe akaliweka gunia chini.

"Jana nilimshika mmoja kiganjani," akasema. "Alikuwa wa baridi kama kokoto. Nikamrudisha pale pale. Nikajiambia, mkono wangu huu umezeeka, hausikii tena."

Akaufumbua mkono, akautazama, akaufumba, akaufumbua tena. Fundi akapiga magoti, akaanza kuokota vifaranga, ili asiuone.