Jiwe la Charline

Prefe Evariste alikata maneno "aliuawa na bomu" kwenye fomu kwa rula. Aliilaza rula chini ya herufi taratibu, akavuta wino mwekundu mstari mmoja ulionyooka, kisha juu yake akaandika: "alifariki".

"Hivi ni vizuri, Mwalimu Olive," mkuu huyo wa shule alisema. "Watu wa nyota hawapendi politiki."

Olive aliipokea fomu, akashukuru. Hasira ilimpanda, lakini alijiambia kwamba jina la Charline likipita, mengine yatavumilika.

Miaka sita nyuma, shule yao ya Himbi ilipotumiwa picha za anga ili wanafunzi wazikague, ni Charline, mwanafunzi wa Olive, aliyeliona jiwe lile la angani. Zilikuwa picha nne za pembe moja ya mbingu. Nyota zote zimetulia, nukta moja inahama. Darasa zima lilicheka likasema ni vumbi la kompyuta. Charline alisugua kioo kwa kitambaa chake cha kichwani, nukta ikabaki palepale.

"Mwalimu, hii inatembea kama mutu ametumwa soko!"

Wataalamu waliifuata nukta hiyo mwaka baada ya mwaka, hadi njia yake ikajulikana: asteroidi inayolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, mara moja kila miaka minne na ushei. Sasa ilikuwa imepewa namba, na shule ikaombwa jina pamoja na sababu yake kwa maneno machache. Lakini katika miaka hiyohiyo vita vilikuwa vimewatoa watu Kibumba, alikorudi Charline baada ya shule, na bomu lilikuwa limemkuta katika kambi ya wakimbizi, akiwa na miaka ishirini, anachambua maharagwe.

Jioni Olive aliipeleka fomu mtaa wa Keshero, kwa mama Apolline, aliyewapokea wakimbizi kumi na wanane katika vyumba vitatu. Annonciata, mama yake Charline, alikuwa mmoja wao. Habari ilimtangulia Olive mlangoni, kama kila habari ya nyumba hiyo.

"Kumbe mutoto wetu atapita juu ya Himbi bila kuulizwa kitambulisho!" Apolline alipiga makofi, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Annonciata hakucheka. "Soma, nisikie."

Olive alisoma. Alipofika kwenye "alifariki", sauti yake ilishuka yenyewe.

"Alifariki na nini? Malaria? Uzee?"

"Hawakutaka tuandike, mama."

Annonciata aliichukua fomu, akapitisha kidole juu ya wino mwekundu. "Mustari munyoofu hivi. Nani alishika rula?"

"Prefe."

"Na weye, ulishika nini?"

Olive aligundua kwamba hasira aliyokuja nayo kutoka ofisini ilikuwa imemgeukia. Alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri akitazama mtoto akiuawa mara ya pili, na alipotoka alikuwa ameshukuru.

"Bila jina, jiwe litaanguka?" Annonciata aliuliza.

"Hapana, mama. Litaendelea na namba yake. Tuna miaka kumi ya kupendekeza jina."

"Litazunguka mara ngapi?"

"Mara mbili na kitu."

"Basi lizunguke. Mutoto wangu hakufariki. Walimuua."

Asubuhi Olive alirudi Himbi na fomu mpya. Prefe aliisoma, akashusha miwani.

"Maneno yaleyale? Nitayakata tena."

"Kata, Prefe. Nitaandika tena. Ukinifukuza, kule kwa mama Apolline tuko wengi, na wengi wanajua kuandika."

"Unanitisha, Mwalimu?"

"Nakuambia tu hesabu ya nyumba."

"Unajua atakayeulizwa na wakubwa ni nani? Ni mimi! Niko na watoto!"

"Annonciata pia alikuwa na mutoto."

Prefe aliivuta rula yake. Sauti ya Apolline iliingia dirishani, nene, isiyojua kunong'ona. Alikuwa langoni na nusu ya watu wa nyumba yake, anamsimulia mlinzi kila kitu tangu nukta ya kwanza, na wapita njia walikuwa wameanza kusimama.

"Bombe?" mlinzi aliuliza. "Bombe ya nani?"

Prefe aliinuka haraka kulifunga dirisha. Mkono wake ulikuwa bado kwenye komeo pale Annonciata, aliyesimama kando ya Apolline langoni, alipoanza kujibu mbele ya wote.