Siku Uliposema Umeshindwa

Vumbi jekundu la Butembo limekaa juu ya miguu yako, Sadrack, mume wangu. Juu ya miguu yote miwili. Nalitazama asubuhi hii ukiwa umeketi mlangoni, na sitaki ulipanguse upesi.

Asante kwa vumbi. Asante kwa miguu.

Mwaka mzima ulikuwa Beni, kule kwenye joto, ukilinda shamba la kakao aliloliacha baba yako. Nami huku mlimani nilibeba magunia ya viazi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, walivyobeba mama zetu. Kila jioni simu. Kila jioni nikakuuliza habari, nawe ukajibu kwa Kifaransa: "On se débrouille." Tunajikaza, siku zinasukumwa. Mvua ikaozesha kakao: on se débrouille. Risasi zikalia, wewe na vibarua mkakimbilia shuleni, mkalala darasani: on se débrouille. Nami pia nikakujibu, shingo ikiniuma hata kugeuka siwezi: on se débrouille, papa. Tulikuwa waongo wawili tuliopendana.

Kwetu neno hilo ni shati la Jumapili. Unalivaa hata kama hujala.

Kisha ikaja ile Jumanne. Panga lilikuwa limekukata mguu tangu wiki iliyotangulia, nawe ulinificha. Kwenye simu nikasikia unavyohema.

"Kaswera," ukasema, "leo nilishindwa. Kuya unichukue."

Niliogopa, ndiyo. Lakini chini ya woga kulikuwa na furaha, wala sioni haya kuisema: hatimaye uliniita.

Nikapanda pikipiki hadi Beni, kisha nikatembea hadi shambani. Mguu ulikuwa umevimba kama boga. Pikipiki haikuweza kufika, njia yote ilikuwa matope. Nikakufunga mgongoni kwa kitenge, nikapitisha mkanda chini yako, nikauweka kwenye paji langu, nikaanza kukubeba hadi barabarani. Mwanaume mzima, tena mkubwa wa shirika letu la kanisani! Wanawake waliokuwa wakipasua kakao wakaacha kazi.

"Mama, uko nabeba bwana?"

Nikawajibu ndiyo, ni wangu. Wakacheka, nawe ukacheka mgongoni mwangu, nikakisikia kicheko chako mbavuni.

Daktari alisema baadaye hospitalini: siku mbili zaidi, mguu ungekatwa. Siku mbili, Sadrack. Ni kama kusema on se débrouille mara mbili tu.

Namshukuru daktari. Namshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini zaidi naishukuru ile njia ya matope, jasho likiniingia machoni, homa yako ikinichoma shingoni.

"Niko muzito?" ukauliza.

Jibu la Kifaransa lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikalimeza.

"Uko muzito sana," nikasema. "Unikamate muzuri."

Ukanikamata.