Pedeli ya Gari la Mzee Wilbard

Jumatatu asubuhi Eliufoo alilala chali chini ya usukani wa gari la Mzee Wilbard, tochi mdomoni, akaibonyeza pedeli ya mafuta kwa mkono mara hamsini. Mara zote hamsini ilirudi juu. Akatoka, akafuta mikono, akaandika kwenye daftari lake: Kapeti haigusi pedeli. Springi nzima.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, milango miwili na viti viwili tu, limekaa chini kiasi kwamba kuku alilazimika kuinama ili apite uvunguni. Mzee Wilbard alilinunua kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga shamba lake la mkonge, na tangu hapo alilitunza huku juu Mbaga, chini ya turubai. Jumamosi lilitakiwa kumteremsha binti yake, Victoria, hadi kanisani Same mjini. Lakini siku hizi kila liliposhuka mlima pedeli ilizama yenyewe na kukwama chini. Mara ya mwisho alilisimamisha kwa kulielekeza kwenye tangawizi ya jirani, na jirani alikuwa bado analalamika.

"Bwana harusi yuko tayari, mchungaji yuko tayari," Mzee Wilbard alisema. "Gari tu ndilo linaleta utoto. Nataka mwanangu afike mzima."

"Tutaona, mzee."

"Utaona lini? Fundi mwenzako wa Hedaru alitaka kubadilisha injini nzima."

"Mimi sijafika huko."

Eliufoo hakusomea ufundi popote. Alijifunza kwa kufungua kitu kimoja na kukirudisha, ndipo afungue kingine. Jumanne alichomoa waya wa mafuta, akaupapasa kwa vidole mwanzo hadi mwisho, akaupaka grisi. Akafungua kabureta, akaiosha kwa petroli. Hakuona kosa. Alichoshindwa kukielewa ni nailoni iliyotandikwa kwenye kiti cha abiria. Mzee Wilbard alisema ni ya kuzuia vumbi. Kiti cha dereva hakikuwa nayo.

Jumatano aliteremka nalo peke yake, kwa sababu gari lililosimama halikuwa na cha kumwonyesha.

Mwanzoni pedeli ilimtii. Alipopita migomba ya mwisho ya kijiji, nailoni ilichakarika, kiti cha abiria kikabonyea, na pedeli ikazama mpaka chini. Eliufoo alikanyaga klachi. Injini ikapiga kelele. Akazima swichi. Injini haikuzimika. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akaachia klachi na kushika usukani kwa mikono miwili. Upande mmoja wa barabara palikuwa na mwamba. Upande wa pili hapakuwa na kitu.

"Shikamoo, fundi," alisema Rogathe.

Eliufoo alimfahamu. Miaka minne iliyopita alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake. Mimba yake ilikuwa vilevile, kubwa, na mguu wake wa kulia, peku, wenye udongo wa shambani, ulikuwa umepita juu ya miguu ya Eliufoo na kukanyaga pedeli.

"Marahaba, Rogathe. Pole."

"Endesha, fundi."

"Naendesha. Kona inayokuja ni mbaya. Legeza kidogo."

Alilegeza. Gari likakata kona, tairi la nyuma likirusha mawe bondeni, kisha mguu ukarudi. Wakashuka hivyo, Eliufoo akimwomba alegeze, Rogathe akimpa kidogo kidogo. Breki zilianza kunuka kabla ya daraja. Eliufoo alihesabu kwa sauti kona zilizobaki, ili na yeye azijue.

"Mzee Wilbard hakunikatalia, nisimsingizie," Rogathe alisema. "Alinipakia. Alitandika nailoni kwanza. Halafu kila penye mawe alishuka kuangalia kama yatagonga chini. Hapa darajani nikamwambia, mzee, mimi naondoka. Akasema subiri, hapa pabaya."

"Mlitumia muda gani?"

"Yeye masaa matatu. Mimi sikuyamaliza."

Kwenye geti la hospitali ya Same pedeli ilirudi juu taratibu, kama inavyotakiwa. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Eliufoo alitazama saa, akaandika: Dakika hamsini na mbili. Gari linaweza.

Jioni alimkuta Mzee Wilbard barazani akinywa chai.

"Waya mzima, springi nzima, kabureta safi," alimwambia. "Ni Rogathe."

Mzee Wilbard alikoroga chai yake. "Bado ana haraka?"

"Bado."

"Siku ile niliendesha vizuri sana. Halikupata hata mkwaruzo." Akanywa. "Kumtoa huwezi?"

"Si kifaa, mzee. Anataka kufika. Ukimpa mwendo wake, getini anakuachia."

"Na Victoria nimweke wapi, nimpakate?"

Akafikiri mpaka kikombe kikaisha, kisha akaamua gari lishuke juu ya lori.

Jumamosi Eliufoo alilifunga kwa kamba nne na kuweka magogo kwenye magurudumu. Victoria alitangulia na shangazi zake kwa gari la kukodi. Mzee Wilbard alitandika nailoni mpya juu ya ile ya zamani, kwa ajili ya gauni, akaketi mbele na dereva wa lori, ufunguo wa gari ukiwa kwenye mfuko wa koti lake. Eliufoo alipanda nyuma, kuangalia kamba.

Walipopita migomba ya mwisho, injini ya gari jekundu iliwaka yenyewe.

Mbele kidogo walikuta wanaume sita na machela. Melkizedeki, aliyeshika mbele, alisogea dirishani bila kuuachia mti wa machela.

"Shikamoo, Mzee Wilbard. Ni Agatha, ana uchungu tangu jana asubuhi. Tupandishe hata hapo nyuma."

"Marahaba. Nyuma pamejaa, mwanangu. Kamba zikikatika itakuwa hatari kwake. Nendeni taratibu, mtafika."

"Mzee, nishuke mimi, apande yeye," Eliufoo alisema kutoka juu.

"Na gari ataliangalia nani?"

Wabebaji waliingia kwenye tangawizi kulipisha lori. Kupitia kioo cha gari Eliufoo aliiona pedeli imelala kwenye sakafu. Injini ilinguruma, gari likavuta kamba mpaka zikalia. Alikuwa amezifunga mwenyewe, na zilishika.

Getini pedeli ilirudi juu. Wakalishusha gari mbele kidogo, penye kingo ya udongo iliyolingana na lori. Victoria akakaa juu ya nailoni mbili, shangazi wakapiga vigelegele.

"Umeona?" Mzee Wilbard alisema. "Halina tatizo."

Likaondoka polepole kuelekea kanisani. Eliufoo alibaki getini, akafungua daftari, akaandika.

Siku ile: masaa matatu, hakufika. Jumatano: dakika hamsini na mbili. Lori: saa moja na dakika arobaini.

Chini yake akaandika Machela, akaweka nukta mbili, akatazama barabara ya mlimani na kusubiri.