Siku Mulevi Aliogeshwa

Tuanze na kosa, ili tuimalize mbio tupate kucheka. Kosa haikuwa ya Mama Sikujua. Kosa ilikuwa ya Sefu mwenyewe, fundi wa saa wa mutaa ya Kabondo, na mutu wa kwanza kuikubali ni yeye.

Mama Sikujua, mama-mukwe yake, alikuwa ametoka Kindu kuja kutembelea binti yake Kadidja. Na wewe unajua mukwe ni mutu gani mbele ya mama-mukwe. Hamuangalii kwa macho, hakai naye kwa mukeka moja, na kitu yote aliyo nayo ndani ya nyumba, hata ingekuwa ya dhahabu, anasema ni takataka tu. Ndiyo heshima. Bon. Siku mama alifika, aliona juu ya meza, katikati ya saa za watu, kitu moja kama sanduku ya viatu vya mutoto. Ilikuwa na magurudumu chini, na ilikuwa nyeusi, ya kutu, ya mavumbi.

"Kadidja," akasema, "uulize bwana yako, ile ni nini?"

Na Sefu, pahali pa kusema, mama, ile ni kazi yangu ya mwaka muzima, akainamisha kichwa: "Mama asiangalie ile. Ni uchafu tu."

Basi. Mudomo yake mwenyewe.

Ile uchafu ilikuwa Mulevi.

Mulevi ya kweli ilikuwa wago, behewa ya mizigo ya rive gauche, kule ngambo ya muto, kwa treni inayoenda Ponthierville. Jina hiyo ilipewa na watu wa kupakia mizigo, kwa sababu toka siku ilianguka kwa reli wakaisimamisha tena, ilikuwa inasimama upande-upande kama mutu anatoka kunywa masanga. Mulango yake ilikuwa inakwama katikati; ili ifunguke, lazima uipige teke. Na kule juu, kwa kiti kidogo ya mutu wa freni, ndiko marehemu Papa Asumani, baba yake Sefu, alitumika maisha yake yote. Treni ikipiga filimbi, anazungusha gurudumu ya mukono, anafunga freni, wago inasimama. Ikipiga tena, anaachia. Jua ni yake, mvua ni yake. Alikufa bila kuacha hata foto moja. Kwa Sefu, foto ya baba yake ilikuwa Mulevi. Sasa hata Mulevi walikuwa wameikatakata kwa atelye ya treni, vyuma vikaenda kule vyuma vinaenda.

Ndiyo sababu Sefu aliijenga tena, ndogo, kwa vipimo alivyochukua na kamba mbele ya kukatwa. Mbao alitoa kwa sanduku za sigara. Vyuma, kwa mikebe ya sardini. Gurudumu ya freni, kwa saa ya ukuta iliyokufa, na ilizunguka kabisa, kwa sababu fundi wa saa hawezi kutengeneza gurudumu isiyozunguka, atakosa usingizi.

Na mwaka ule treni ilikuwa inatimiza miaka makumi tano. Kamati ya sikukuu ilitangaza: kila mutu aliyefanya kitu juu ya treni akilete rive gauche, watu wa treni wenyewe watachagua moja, na ile itawekwa ndani ya kabati ya vioo kwa sale ya la gare, pahali watu wanangojea treni, ikae hapo. Sefu aliitaka ile kabati, wee! Kila mutu anayepanda treni angemuona Mulevi. Akiikosa, Mulevi itabaki kwa meza ya saa, na Papa Asumani pamoja naye, hakuna mutu atakayemujua tena.

Kapita Waziri, mukubwa wa watu wa kupakia, alikuwa amemuonya: "Usiandike numero ya wago. Numero, hata mimi naweza kuandika kwa mulango ya nyumba yangu, haitakuwa wago. Sisi tukiijua bila numero, donc ni yeye. Tukikosa kuijua, umefanya sanduku."

Asubuhi ya siku moja mbele ya sikukuu, Sefu alienda kurudisha saa ya mutu. Kurudi, akakuta meza inangaa, saa zimepangwa kama askari, na kule inje, juu ya jani ya ndizi, kwa jua, Mulevi. Safi. Imesuguliwa na majivu na ndimu mupaka mikebe ya sardini inangaa kama kijiko ya arusi. Mbao, nyeupe pe! Mama Sikujua alikuwa anakamua kitambaa, amefurahi. Mugeni mwenye adabu hakai bure.

Sefu akafungua mudomo. Kilichotoka ni ile tu mukwe anaruhusiwa kusema: "Aksanti sana, mama."

Kadidja akatoka soko na kikapu kwa kichwa. "Sefu! Mulevi iko wapi?"

"Ameoga."

Kadidja akaangalia jani ya ndizi, akaangalia mama yake, akashika kichwa. Na kwa ile saa, nani anapita kwa njia? René, fundi wa mbao, jirani, yeye aliyefanya masini ya mbao, kichwa ya treni, nyekundu na nyeusi, amepaka vernisi mupaka unaona meno yako ndani.

"Ee, fundi!" René akasimama na baiskeli yake. "Wago mupya? Imetoka Ulaya leo?" Akaangalia vizuri, akaona beseni, akaona ndimu, akaelewa. Akacheka mupaka baiskeli ikaanguka. "Bokilo yako, huyu mama-mukwe, ameosha mwaka muzima na maji ya beseni moja! Kesho si utauza sabuni?"

"René, enda kulamba vernisi yako."

"Ninaenda, ninaenda! Nitakuwekea pahali kwa kabati, chini ya masini yangu, kama sahani!"

Mama Sikujua alikuwa amesikia yote. Akakaa kwa kiti chake, mugongo kwa Sefu vile inafaa, akamuomba Kadidja amuelezee. Kadidja akaelezea: wago, baba, kabati, kesho. Mama akaweka kitambaa chini.

"Uambie bwana yako, yeye ndiye aliniambia ni uchafu."

"Mama anasema, wewe ndiye ulimuambia ni uchafu."

"Nimesikia, mama yuko hapa karibu yangu," Sefu akasema. "Umuambie mama ni kweli. Kosa ni yangu, hata mbwa wa mutaa wanajua."

"Umuambie tena, ile uchafu ilitoka mbio sana."

"Mama anasema..."

"Nimesikia! Ilitoka mbio namna gani?"

Na mama, kwa mara ya kwanza, akageuza kichwa nusu. "Niko naosha nguo toka niko binti. Uchafu ya kweli haitoki vile. Ile ilikuwa ya kupakaa. Ilikuwa sawasawa pahali pote, kama mutu amemwangiwa supu. Nani anachafuka vile? Nguo ya mutoto, uchafu iko kwa magoti na kwa tumbo. Ya mupishi iko hapa kwa mapaja, pahali anapangusa mikono. Ya mualimu iko kwa kiwiko. Uniletee shati bila kuniambia ni ya nani, nitakuambia anafanya kazi gani, na ana bibi wa namna gani. Alors, Kadidja, umuulize: huyu Mulevi wenu, alikuwa anafanya kazi gani?"

Neno hiyo ilimuuma Sefu, kwa sababu ilikuwa kweli. Mwaka muzima alikuwa anahesabu misumari ya Mulevi, anapima mbao na kioo cha kukuzia cha fundi wa saa kwa jicho, halafu kwa uchafu alichukua tu burashi akapaka kutu juu, chini, mbele, nyuma, sawasawa. Angefika kesho na ile, Waziri angesema: sanduku.

"Umuambie mama, alikuwa anabeba muchele, pamba, simenti. Na mafuta ya mawese kwa madebe."

"Mafuta ilikuwa inamwangika wapi?"

"Kwa mulango. Chini."

"Chini pande gani?"

Kadidja alikuwa anageuza kichwa kwa mama, kwa bwana, kwa mama, kwa bwana. Akachoka. "Mimi si telefone! Museme wenyewe, mimi naenda kutwanga lituma ya ndizi." Akaenda.

Wakabaki wawili. Hakuna mutu anayejua adabu inataka nini ndani ya shida kama ile. Mama akasogeza kiti chake kwa meza, lakini akakaa pembeni, macho kwa mulango wa nyumba. Sefu akakaa pembeni ingine, macho kwa dirisha. Mulevi katikati.

"Pande gani?" mama akauliza mulango.

"Pande ile wago inalalia," Sefu akajibu dirisha. Na hapo akashituka. "Mama! Ilikuwa inalala! Mvua ikinyesha, maji haikushuka sawa na mbao. Ilikatiza!"

"Ndiyo, sasa unaanza kufikiri kama mutu wa kuosha," mama akasema.

Sefu akatia kijiko chini ya magurudumu ya pande moja, Mulevi akalala vile alikuwa analala kwa reli. Akachanganya maji na kutu ya munyororo ya baiskeli mukuukuu, akaacha tone moja kutoka juu. Tone likatelemuka, likakatiza mbao kwa pembeni, taratibu, mupaka chini. Wakaliangalia wote wawili. Ilikuwa Mulevi.

Basi kazi ikaanza. Masizi ya sufuria kwa paa, na madoa madogo ya kuungua, kwa sababu masini inakula kuni na cheche zinaruka nyuma. Unga ya muchele na majivu kwa kizingiti cha mulango, kwa ajili ya simenti. Mafuta ya mawese chini ya mulango, pande moja tu, na vumbi ya matofali juu yake, ikashikamana. Chini kabisa kwa mulango, mama akachovya kidole ndani ya masizi, akagonga tap, tap, tap.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Si ulisema wanaipiga teke?"

Saa ya jua kuinama, vidole vya mukwe na vya mama-mukwe vilikuwa ndani ya sahani moja, vyote vyeusi, na hakuna aliyekuwa anaangalia mulango wala dirisha tena. Ikabaki freni. Sefu akachukua burashi ya kutu.

"Ile uiache," mama akasema. "Mukono inaishika kila siku, kutu itakaa wapi?"

Sefu akarudisha burashi. Mama akachukua pembe ya kikwembe alichojifunga, akasugua lile gurudumu dogo mupaka likangaa peke yake katikati ya uchafu yote.

"Hapa tu ndiyo nilikuwa na haki ya kuosha," akasema.

Kesho yake walivuka muto, watatu. Mulevi ilikuwa kwa magoti ya Mama Sikujua, ndani ya kitambaa, kama mutoto anapelekwa kwa jamaa. Rive gauche ilijaa: bendera, ngoma, watu wa treni na nguo zao za kazi zimepigwa pasi. Kwa meza ndefu, masini ya René ilikuwa mbele, na watu walikuwa wanajiangalia ndani yake, wanatengeneza nywele.

Watu wa kupakia wakapita mumoja-mumoja. Walisifu masini. Walisifu daraja ya mianzi ya mutu fulani. Halafu Kapita Waziri akafika mbele ya Mulevi.

Akainama. Akakaa ameinama. Sefu alisikia moyo yake inapiga kuliko saa zote za Kabondo. Waziri akazunguka meza, akaangalia pande ingine, akarudi. Sefu akaanza kufikiri, basi, ni sanduku.

Waziri akarudi nyuma hatua moja, akainua muguu, akapiga teke hewani: "Fungua, mulevi wee!"

Mungu wangu! Watu wa kupakia wakaruka kwa meza wote pamoja.

"Ni yeye! Ni Mulevi!"

"Angalia alama ya teke yako, Kapita!"

"Na mafuta pande ya muto! Si nilikuambia ile debe ilikuwa inavuja, ukanibishia?"

"Angalia mvua inakatiza! Yesu! Alikuwa analala vile vile!"

Waziri hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameona freni. Akavua kofia. "Papa Asumani," akasema polepole, kama mutu anabisha hodi. Na kule kwa reli, ile saa ile, dereva wa treni ya sikukuu akapiga filimbi. Waziri akaweka kidole kimoja kwa lile gurudumu dogo, akazungusha. Likazunguka. Freni ikafunga.

Baada ya pale hakuna mutu aliyehesabu kura. Walimubeba Sefu kwa mabega, Sefu akalia kule juu, machozi kwa mashavu, anapiga kelele, "Si mimi! Mubebe mama! Mubebe Mama Sikujua!" Wakamubeba. Mama naye akapiga kelele kuliko ngoma: "Munishushe! Mikono yenu iko michafu, kikwembe ni kipya!"

René akasukuma watu akafika kwa meza na masini yake kwa mikono. Akaiweka mbele ya Mulevi, karibu, kama inataka kuivuta. "Bon," akasema. "Basi angalau nikuvutie uchafu yako, ndugu." Akamukumbatia Sefu, na vernisi ya masini ikashika masizi ya Mulevi, na hakujali.

Halafu monsieur wa kamati akaja na ufunguo ya kabati ya vioo. Alikuwa muzungu mupole, anacheka na kila mutu. Akasifu, très bien, très bien, akapeana mikono. Akaangalia Mulevi kwa karibu. Akatoa kitambaa cheupe kwa mufuko.

"Kitu muzuri sana," akasema kwa Kiswahili yake ya kupima. "Lakini itakaa mbele ya watu. Kabla ya kuifungia, nani atanisaidia kuisafisha kidogo?"

Waziri akaangalia mawingu. René akaangalia viatu vyake. Kadidja akauma pembe ya kikwembe. Na Sefu, kwa mara ya kwanza toka alioa, akamuangalia mama-mukwe yake macho kwa macho, na mama akamuangalia yeye, midomo imefungwa kabisa, mabega yanatetemeka kwa cheko.

Monsieur akainua kitambaa juu zaidi ili wote wakione.

"Tafazali. Mutu mumoja tu?"