Kamera ya Kona ya Msikiti

Said aligongwa na gari jioni ya Jumapili, kwenye kona ya msikiti, chini kabisa ya kamera. Alikuwa amefunga kibanda chake cha kushona viatu, anavuka barabara na mfuko wa vifaa begani. Gari likatokea upande wa ziwani, likamrusha mtaroni na kuishia zake bila hata kupunguza mwendo. Watu walipofika walimkuta amelala ubavu, mguu umepinda vibaya, anamtaja Mungu. Namba za gari hakuna aliyezisoma.

"Si kitu," mtu mmoja akasema. "Kamera imeona."

Wote wakamgeukia Dorah, mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa amefika mbio na kanga moja.

Dorah alikuwa kwenye muhula wake wa pili. Asubuhi alikuwa anauza dagaa sokoni Mwigobero, hapo Musoma, mchana anagonga mihuri na kuamua ugomvi wa wapangaji, jioni anapigiwa simu na kila aliyekatiwa maji. Kamera zile alizipigania yeye. Wizi ulipozidi alisimama mkutanoni, akawabembeleza watu wakubali fedha za halmashauri zilizotengwa kwa ajili ya mfereji wa maji ya mvua ziende kwenye kamera. Watu wakakubali. Kamera zikafungwa kwenye nguzo, diwani Mseti akakata utepe, spika zikapiga muziki mpaka jioni. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza picha zinaangaliwa wapi wala na nani. Dorah naye hakuuliza. Kila alipokumbuka kulikuwa na jambo lingine la haraka, na mwili ulikuwa umeshachoka.

Alipokwenda kumwona Said hospitali, mkewe Mwanaharusi alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda.

"Mama mwenyekiti," alisema, "ulituambia mtaa wetu sasa una macho. Tunaomba basi hayo macho yaseme."

Dorah akaahidi. Akaanza na polisi; polisi wakamwambia alete picha. Akaenda kwa mtendaji wa mtaa. Mtendaji akasema tangu zifungwe hajawahi kuona hata picha moja, labda aulizwe fundi. Fundi alikuwa Bunda. Dorah akamwachia jirani meza yake ya dagaa, akapanda gari kwenda Bunda.

Fundi huyo, kijana mrefu aitwaye Ryoba, alikuwa anatengeneza redio.

"Mama, mbona unanitafuta mimi?" alishangaa. "Mashine ya kuhifadhi picha niliifunga kwa diwani. Nyumbani kwake, kile chumba cha nje. Aliniambia ofisi yenu ya mtaa haina mlango wa maana."

Dorah alitaka kubisha, akakumbuka kwamba mlango wa ofisi unafungwa kwa kamba. Akashukuru, akatoka.

Kwa kuwa alikuwa Bunda asingeweza kupita bila kumsalimia mdogo wake Clementi. Clementi alikuwa na gari aina ya Probox, anabeba dagaa kutoka Musoma kupeleka mnadani. Gari lilikuwa uani. Taa moja ya mbele ilikuwa na kioo kipya kinachong'aa, nyingine ya zamani, njano kama jicho la mgonjwa.

"Taa imepatwa na nini?" Dorah aliuliza, chai ilipoletwa.

"Jiwe, dada. Malori yanarushaga mawe."

Alijibu huku anaangalia kikombe. Watoto wake walikuja kumwamkia shangazi yao, mdogo akapanda mapajani. Dorah hakuuliza tena. Njia nzima ya kurudi Musoma alikuwa anajiambia kwamba malori kweli yanarusha mawe.

Kesho yake akaenda kwa diwani. Mseti alimpokea kwa bashasha, akampitisha sebuleni na kumwingiza kwenye chumba cha nje. Huko kulikuwa na kochi, feni, na skrini kubwa ukutani iliyogawanywa vipande vipande. Mtaa wote ulikuwamo. Dorah aliuona mlango wake mwenyewe. Alimwona Mwanaharusi anaanua nguo. Aliliona geti la mwalimu Esta, ambaye kila mtu alijua kwamba anautaka udiwani.

"Hii ya kwa Esta," Dorah alisema, "mbona inaangalia geti? Si ilikuwa ya barabara?"

Mseti akacheka. "Nawaonaga wanaoingia pale. Hata wewe Alhamisi uliingia, ukakaa mpaka giza likaingia."

"Mtoto wake alikuwa anaumwa."

"Sijakuuliza, mwenyekiti."

Dorah akaitazama tena ile skrini. Aliikumbuka ile Alhamisi, alivyopita njiani amebeba machungwa na biskuti, hana habari kwamba kuna mtu kwenye kochi anamtazama.

"Nimefuata picha ya Said," alisema.

"Najua. Nimekutunzia."

Akabonyeza. Kwenye skrini ikaonekana kona ya msikiti, Said na mfuko wake, kisha Probox nyeupe. Kilichofuata Dorah hakutaka kukiangalia, akakiangalia. Gari lilipogeuka, kioo cha nyuma kilionyesha wazi neno "NEEMA" kwa herufi nyekundu. Neema ni mtoto wa kwanza wa Clementi. Siku neno lile linabandikwa, Dorah mwenyewe alikuwa ameshika mkasi.

Mseti akazima. "Wengine nitawaambia imejifuta. Mitambo ndivyo ilivyo, inajifutaga. Wewe ni mtu wangu, mwenyekiti. Kura za maoni za chama ziko mlangoni, na mwaka huu tunahitajiana."

Dorah aliomba maji. Akayanywa yote, akasema asante, akatoka. Alikaa kwenye tofali nje ya duka lililofungwa, jua linamchoma utosini. Kisha akampigia mdogo wake.

Clementi hakubisha. Akaanza kulia. "Niliogopa, dada. Watu wale wangenichoma moto na gari langu."

"Kesho asubuhi nenda kituoni mwenyewe. Mtu akijipeleka inakuwa nafuu."

"Na watoto? Na mama? Mama atakufa akisikia."

"Nenda, Clementi. Usipokwenda wewe, nitasema mimi. Kuna mkutano Jumamosi."

"Wewe? Dada yangu?"

Simu ikakatika. Siku zikapita, Clementi hakwenda. Dorah alikuwa anaamka, anauza dagaa, anarudi, anajilaza bila kula. Kila alipofika kwenye kona alijua anatazamwa, akawa anainamisha uso kama mwizi.

Jumamosi watu walijaa kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Mseti alikuja amevaa kofia ya chama, akakaa kiti cha mbele, anatabasamu. Mambo ya taka yalipokwisha, Dorah akasimama.

"Gari lililomgonga Said ni la mdogo wangu, Clementi," alisema. "Picha ipo. Iko nyumbani kwa diwani, nimeiona kwa macho yangu."

Uwanja ukachafuka. Mseti akainuka.

"Jamani, huyu mama amechoka. Kazi zimemzidi. Msimsikilize."

"Ni kweli nimechoka," Dorah alisema. "Lakini picha ipo. Na kamera mliyoambiwa ni ya barabara inaangalia geti la mwalimu Esta. Diwani anakaa kwenye kochi anatazama nani anaingia kwa nani. Mimi mwenyewe kanionyesha."

Vijana wakaanza kupiga kelele kwamba twendeni kwake sasa hivi tukaing'oe hiyo mashine. Dorah akasimama njiani, akanyoosha mikono. "Hamtavunja nyumba ya mtu. Mtendaji, waite polisi waje waichukue mbele yetu."

Wakati wanangoja, mzee Makongoro, fundi seremala, akanyoosha kidole. Alikuwa hana hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Dorah.

"Mwenyekiti, tulikupa fedha za mfereji wetu. Maji yanaingia ndani kila mvua. Muda wote huu ulikuwa hujui mashine iko wapi?"

"Sikujua, baba."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza."

Mzee akatikisa kichwa, akakaa. Dorah naye akakaa.

Polisi walikuja, wakaenda kwa diwani, umati nyuma yao. Mseti alipoona watu wamejaa mpaka uani alitoa mashine, anasema tangu mwanzo alikuwa anaitunza kwa usalama. Clementi alikamatwa nyumbani kwake Bunda, wanawe wanatazama. Mdhamini akakosekana. Dorah alijitolea kumdhamini. Clementi akamwambia askari kwamba mtu huyo hamjui.

Halmashauri ikatuma kamati. Kamati ikanywa soda, ikauliza maswali, ikasema taarifa italetwa. Mpaka leo haijaletwa. Mseti alipita kura za maoni kwa kura chache. Skrini sasa iko ofisi ya mtaa, yenye mlango wa chuma, na mkutano ulipitisha kwamba haifunguliwi bila wajumbe wawili na mwenye shida mwenyewe kuwepo. Ni kitu. Ila nusu ya kamera zimekufa, na fundi anasema vipuri havipatikani. Said anatembea kwa gongo. Siku aliyorudi kibandani kwake alimwita Dorah, akamshika mkono, akauachia.

Mwisho wa mwezi ule wa mkutano Dorah alikwenda Butiama kwa mama yake. Alikuwa ameahirisha safari hiyo mara nyingi. Alimkuta mama anapepeta ulezi nje ya jiko. Mama akaitikia shikamoo yake, akaendelea kupepeta.

"Umemwona?" aliuliza baadaye.

"Nilikwenda mahabusu juzi. Amekataa kutoka kuniona."

"Amekonda?"

"Askari wanasema anakula."

Mama aliweka ungo chini, akaingia ndani. Akatoka na blanketi zito la kijivu, lile analojifunika mwenyewe wakati wa baridi.

"Mpelekee."

"Mama, hataki hata kusikia jina langu."

"Basi wape askari. Usiseme limetoka kwa nani."

Dorah alilipokea. Mama hakumlaumu wala hakumsifu, alimwambia tu kwamba uji upo na chumba kimefagiliwa. Dorah akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda ili avue viatu, blanketi mapajani. Viatu hakuvivua. Usingizi ulimkuta hapo hapo, na mama alipoleta uji aliurudisha jikoni, akaufunika kwa sahani.