Chokaa ya Mke Mwenza

Ijumaa ilikuwa kesho, na Bi Esha alikwishapeleka ubani kwa mwalimu: Alawiya, mke mwenzake, asomewe halbadiri, kisomo cha laana, mwovu aanguke. Pate nzima ilijua. Pate haina siri.

Ushahidi ulikuwa wazi. Marehemu mume wao alimwachia Esha kipande cha tope la mikoko, naye Esha akakizungushia tuta la kuzuia bahari, mvua zikasuza chumvi. Mahindi yakaota, yakadumaa, majani yakawa zambarau, yakanyauka huku mvua inanyesha. Ila kona moja, mpakani kwa Alawiya, pale alipomwaga masalio ya chokaa ya kujengea nyumba: hapo mahindi yalimpita mtu kimo. Kama Alawiya hakuivuta kwa uchawi baraka ya shamba zima, ni nini basi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi hiyo Ndirangu, bwana shamba kutoka bara, aliteremka bandarini Mtangawanda, akaja shambani. Hakubishana na Esha. Aling'oa mche mmoja wa kona na mmoja wa katikati, akaisuuza mizizi. Wa kona ulikuwa na ndevu ndefu nyeupe. Wa katikati ulikuwa na vidole vifupi, vinene, vyeusi nchani. Esha aliinama kuvitazama.

"Tope hili likikauka huchacha, Bi Esha, likawa kali kama ndimu. Ukali huo unaiyeyusha alumini iliyomo ndani yake."

"Alumini ya masufuria?"

"Hiyohiyo. Huioni, lakini inaua ncha za mizizi. Mzizi usio na ncha haushuki. Maji yako chini, mche unakufa kwa kiu. Chakula kipo, hauwezi kukinyonya. Chokaa huuvunja ukali, alumini ikatulia."

Aligusisha karatasi ya buluu ya kupimia ukali kwenye udongo mbichi wa katikati, ikawa nyekundu. Kwenye kona ilibaki buluu.

"Subhanallah," Esha alinong'ona. Miaka yote hiyo akikanyaga tope, kumbe chini ya nyayo zake mna sufuria zisizohesabika, nazo zinaua kimya kimya! Aliiogopa ile ardhi, na papo hapo akaistaajabia hadi machozi. Kisha akamkumbuka Alawiya.

Alikwenda mbio, miche yote miwili mkononi. Alimkuta Alawiya amekaa kizingitini, watoto wamemganda, jikoni hakuna moto.

"Umekuja kunisomea mwenyewe?" Alawiya aliuliza. "Wana wangu hawalali, Bi Esha. Wauliza nani atakayekufa kwanda."

Esha alikuja na maneno tele ya mizizi na chokaa. Aliyaacha yote. Alipiga magoti mbele ya wale watoto.

"Hafi mtu, hasomewi mtu," alisema, akilia. "Nti, tope langu, ndiyo iliyougua. Mama yenu hana kosa. Mwambieni anisamehe, mimi siwezi kumtazama mato."